Sahani ya Boyoma

Lubunga, Kisangani
8 Machi 2024

Nassoro mwanangu,

Mimi nipo, na sukari yangu ipo, tunaishi humu ndani kama wake wenza wawili waliochoka kugombana. Usipate wasiwasi.

Daktari amenikataza kufunga tena. Nilimwambia labda nijaribu siku chache za mwanzo tu. Akaweka kalamu chini: «Mama, mwaka yenye ilipita ulianguka bandarini mbele ya batu yote. Mwaka hii unataka kuanguka wapi?» Ugonjwa huu si homa, kwamba nitapona nizilipe siku zangu baadaye. Kwa hiyo ni fidya: kila siku nisiyofunga, maskini mmoja ashibe kwa ajili yangu.

Mwaka jana nilimlisha mwanamke mmoja wa hapa jirani. Alikuwa akija magharibi, anakula kidogo, kinachobaki anakifunga kwenye jani la ndizi na kuondoka kabla chai haijapoa. Ana watoto, wanamngoja. Sikuweza kumwambia kaa kidogo tuzungumze. Halafu mimi mwenyewe, mchana nakula na dawa zangu nimefunga mlango, na jioni jirani wakifuturu nasikia vijiko vyao, naona haya kutoka nje. Nitatokaje na mimi sikufunga? Ramadhani imekuwa mwezi wa kukaa chumbani.

Donc, basi, mwaka huu nimefanya vingine. Nimempa Alphonse, yule dereva wa lori, gunia la mchele wa shamba letu, mafuta, na samaki niliowakausha mwenyewe. Atamkabidhi Shehe Amisi, wa msikiti wa hapo kambini kwenu. Nimesema sahani moja kila jioni, kwa mtu asiye na pa kula. Kama fidya yangu haiwezi kuliwa mbele ya macho yangu, basi iliwe karibu na mwanangu. Nimemwambia Alphonse aseme tu imetoka kwa mama mmoja wa Lubunga. Sikutaja jina lako, wasije wakakusumbua. Bosi mkubwa, PDG kama wewe, mwenye shimo lake la dhahabu na wafanyakazi wake, hakosi watu wa kumwomba.

Ombi langu ni moja. Pita msikitini jioni moja, uone ni nani anayekula sahani yangu, uniandikie. Nataka kujua uso wake. Tangu tumzike papa yako hujakanyaga hapa, na mimi sijapata mgeni wa kumwangalia akila.

Barua naiacha kwa Alphonse, ataiweka kwa Vicky muuza mikate kama kawaida, maana najua huko simu hazishiki.

Mama yako,
Aziza

———

Kambini, mbele ya Bafwasende
21 Machi 2024

Mama,

Unisamehe. Barua yako imelala kwa Vicky muda mrefu, nimeipata jana tu. Kazi zimenibana. Pampu ya kutoa maji shimoni iliharibika, na PDG akiondoka kidogo wafanyakazi wanalala. Unawajua wafanyakazi.

Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, nimenenepa hata ungenicheka.

Nimepita msikitini kama ulivyosema. Anayekula sahani yako ni mtu mmoja tu, yule yule kila jioni. Shehe Amisi amesema hakuona haja ya kubadilisha, kwa sababu hamjui mwingine aliye na dhiki kumzidi. Kambini wanamwita Boyoma, kwa jina lile jingine la mji wetu, kwa vile ametoka Kisangani. Jina lake la nyumbani hasemi. Shimo lake lilijaa maji, wenzake wakachukua vyombo wakaenda shimo lingine, na yeye akabaki akibeba mifuko ya mchanga ya watu. Halafu malaria ikamwangusha. Shehe alimkuta amelala nyuma ya msikiti, akampa pa kujilaza kwenye kibanda cha kuwekea kuni. Hakuweza kufunga siku za mwanzo. Sasa anafunga.

Ulitaka uso wake. Ni mwembamba, ndevu hazijanyolewa. Anakula wa mwisho, wengine wakishaondoka, na anaketi ameelekea ukuta. Anakula polepole sana. Alisema neno moja tu, kwamba samaki huyo amekaushwa kama wa kwao.

Basi, sahani yako inamfikia anayeihitaji. Lala salama, Mama.

Mwanao,
Nassoro

———

Lubunga
26 Machi 2024

Nassoro,

Umenifurahisha sana! Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifunua tena. Nilikuwa nimezoea zako za mistari mitano, «mimi mzima, kazi inaendelea», sasa naona kumbe macho unayo.

Huyo Boyoma ameniingia moyoni. Tangu juzi jioni, wakati wa adhana ya magharibi, najua kwamba huko mbali kuna mtu anakaribia kula wali wangu, na nyumba hainilemei kama zamani. Nimeanza hata kumsemesha. Namwambia kula, baba, usiangalie ukuta, mimi sikutazami vibaya. Ungenisikia ungesema mama amepata wazimu.

Nimempelekea koti la papa yako, lile la kijivu alilopewa na watu wa reli. Nilikuwa nimekuwekea wewe, lakini wewe unayo yako, na mtu aliyetoka kwenye malaria anahitaji kitu begani alfajiri. Alphonse atampa Shehe. Usikasirike.

Sasa sikiliza. Kama ni mtu wa Kisangani, basi kuna mama hapa anayelala hajui mtoto wake yuko wapi. Muulize ni wa upande gani, mjini au ng'ambo hii yetu, nitamwendea huyo mama kwa miguu yangu nimwambie mtoto wake anakula. Nilipokwenda kuchukua dawa nilimsimulia Mama Hélène. Unamkumbuka? Anauza samaki pale tunaposhukia mtumbwi upande wa mjini, mtu wa Yanonge. Mwanawe Hugues aliondoka kufuata dhahabu njia hiyo hiyo ya Bafwasende, na hajaandika hata neno. Aliacha kisu chake juu ya samaki akanishika mkono. «Mama Nassoro, na kama iko Hugues?» Nikamwambia huyu anaswali msikitini. Akasema: «Mutu mwenye njaa anaswali pahali yenye chakula iko.»

Muulize Boyoma kama jina lake ni Hugues. Hugues ana kovu la mshipi wa kuvulia kwenye kiganja cha kushoto. Mwangalie akila. Mama Hélène amesema kila nikivuka ataniuliza kama jibu limefika.

Mama yako,
Aziza

———

Kambini
31 Machi 2024

Mama,

Si Hugues. Nimemwangalia kiganja, hana kovu. Mwambie Mama Hélène pole, na umwambie mapema.

Koti limefika, Shehe amempa. Limemtosha.

Kuhusu mama yake sijapata jibu. Afadhali uache kuuliza watu. Mtu asiyetaka kutajwa ana sababu zake. Halafu siku hizi haji sana kula, kwa hiyo sitakuwa na mengi ya kukuandikia juu yake.

Kazi inaendelea.

Nassoro

———

Lubunga
4 Aprili 2024

Nassoro,

Nilikulea hivi?

Mtu wa mji wako, mgonjwa, hana ndugu, ameacha kuja kula, na wewe unaniandikia «haji sana» kana kwamba ni mbuzi wa jirani. Haji kwa nini? Homa imerudi? Amelala kibandani hana wa kumpa maji? Ulikwenda kumtazama? Mtu ana shimo, ana pampu, ana watu wa kuwatuma, anashindwa kuvuka uwanja wa msikiti!

Dhahabu imekufanya hivi. Papa yako aliuza saa yake ili mgeni wa treni asilale na njaa stesheni, na mtu huyo hakumjua jina. Sisemi kujisifu. Nasema kwa sababu nina hasira na wewe.

Mama Hélène nilimwambia jana. Hakulia. Alisema labda kovu limefutika, mtu akichimba mikono inabadilika ngozi. Amenipa mtihani huo niulete kwako: umwite jina kwa ghafla, akiwa ametazama kwingine, uone kama atageuka. Nimechoka kumkatalia, donc fanya.

Na nenda kamwone Boyoma. Leo, si kesho. Mpelekee sahani alipo. Akikataa, mwambie mama wa Lubunga ameketi chumbani peke yake na hajui kama amekula, na hilo halimpi usingizi.

Aziza

———

Kambini
8 Aprili 2024

Mama,

Hakuna PDG. Hakuna pampu, hakuna wafanyakazi. Boyoma ni mimi.

Nimeandika mstari huo, kisha nimekaa nikiuangalia. Kufuta naweza, karatasi nyingine ipo. Lakini kuna jambo ambalo haliniruhusu, na nitakueleza.

Shimo lilikuwa langu kweli, miezi michache. Barua zile za mwanzo hazikuwa uongo. Maji yalipoingia na wenzangu walipoondoka, nilisema nitakuandikia nikishapata lingine. Sikupata. Ikawa kila barua inabidi ilinde ile iliyotangulia. Hapa hakuna anayenijua kwa jina la Nassoro. Hata Vicky nilimwambia barua hizi nazichukua kwa ajili ya bosi wangu, naye Alphonse hushusha mizigo na kuondoka, hajawahi kuniona.

Nilianza kula sahani ile bila kujua. Naapa. Shehe alisema ni ya mama mmoja wa mbali, nikala. Nilijua samaki yule ana kitu, lakini nilidhani ni homa inanichezea. Barua yako niliisoma kwa mwanga wa koroboi ya Vicky, na jioni ile ile nikarudi msikitini nikaketi mbele ya sahani. Ningeweza kuikataa. Nilikula, Mama, na nikalamba vidole. Ilikuwa imepita miaka sijala kitu kilichopita mikononi mwako. Nilikaa nimeelekea ukuta ili wasione ninavyolia.

Ulikuwa umeniuliza uso wa mtu huyo, nikakuandikia wangu. Nilifurahi kuuandika. Ilikuwa njia pekee ya kukuambia ninavyoishi. Uliponijibu kwamba unamsemesha, nilikuwa nikikujibu huku nikila. Kijinga hivyo. Koti la papa nalilalia, linanuka bado mafuta ya treni.

Lakini jina la Hugues lilinishinda. Mama Hélène alinipa samaki wadogo bure nilipokuwa mtoto, na sasa namfanya angoje jibu bandarini kwa sababu ya uongo wangu. Nikaacha kwenda.

Shehe Amisi akanifuata kibandani na sahani mkononi. «Boyoma, chakula ya ule mama inabakia bure. Amekukosea nini?» Nikamuuliza kama mtu anauliza habari ya jirani: «Shehe, kama mwenye kutoa fidya, na mwenye kukula, iko mama na mutoto yake?» Akaweka sahani chini. Akafikiri. «Mutoto akikuwa na njaa, kumulisha iko wajibu ya muzazi. Ule hatalipa deni ya Mungu kwa njia ya deni ingine yenye anayo tayari. Haitakuwa fidya. Siku zake zinabakia juu yake.» Kisha akanitazama, akatazama koti. «Ah. Donc iko mama yako.» Hakuniuliza zaidi. Alikaa na mimi mpaka isha.

Ndiyo sababu siwezi kufuta mstari ule. Ningeweza kukaa na aibu yangu hata miaka kumi. Lakini wewe unalala ukijua umelipa Ramadhani yako, na hujalipa. Sahani zote zile nimekula mimi. Kama ningenyamaza ungekuja kusimama mbele ya Mungu na mwezi mzima mikononi, haujalipwa, kwa sababu yangu.

Sikukuu ni keshokutwa. Baada ya hapo nitaingia ndani zaidi ya pori, kuna shimo jipya wanatafuta wabebaji. Nitapata gunia la mchele, nitalirudisha kwa Alphonse, uwape wanaostahili. Usinitafute mpaka hapo.

Nisamehe ukiweza.

Nassoro

———

Lubunga
13 Aprili 2024

Nassoro mwanangu,

Naomba Mungu barua hii ikukute. Nimempa Alphonse mkononi, nimemwapisha aitafute miguu yako kambini, asiiache kwa Vicky. Sasa anajua unaitwa nani na anajua koti la kuangalia.

Nilikuwa nimevuka kwenda kuchukua dawa, nikaipata barua yako, nikaisoma pale pale bandarini nimesimama. Mwanzo nilikasirika. Sikukasirikia njaa yako, njaa si kosa. Nilikasirika kwamba ulinipa mtu wa kumpenda ukamnyima jina.

Nikuambie jambo ambalo sijui nitalibebaje. Mwezi huu wote, kila sijda, nilimwombea Boyoma. Nilimwombea kwa machozi, apone, apate wa kumuuliza habari, mama yake amwone. Wewe nilikuombea kwa ufupi. Mungu amzidishie Nassoro, amina, basi. Mtu mwenye pampu na wafanyakazi utamwombea nini? Mwanangu nilimpita haraka ili nimfikie maskini. Hilo ndilo linalonikata, si mchele.

Habari ya fidya: umefanya vizuri kuniambia, na Shehe wa hapa amesema kama huyo wenu. Siku zangu bado ninazo. Nitazilisha upya, mchele wa shamba upo, na nimeshaanza na yule mwanamke jirani. Safari hii nimemwambia aje na watoto wake wote. Wanapiga kelele, wamevunja kikombe. Deni hilo ni langu na Mungu, wewe usiingie. Ulichokula umekula kwa mama yako, na mtoto harudishi chakula cha mama yake. Nikiona gunia lako hapa nitalitupa mtoni.

Usiende kwenye shimo jipya. Alphonse anarudi Ijumaa na ana nafasi mbele, karibu yake. Panda. Usipopanda, nitapanda mimi lori lake likirudi, na sukari yangu na miguu yangu hii, nitakuja kuketi kwenye uwanja wa msikiti huo mpaka wanionyeshe Boyoma. Unanijua.

Lakini kuna jambo moja kabla ya kufika kwangu. Siku ile, baada ya kuisoma barua yako, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Hélène. Sikutaka asikie kwa mwingine. Nilimwambia yule mtu si Hugues na hakuwa Hugues hata siku moja, ni Nassoro wangu, aliona haya kujitaja. Niliogopa atanitukana, na ningenyamaza. Alimaliza kumkata samaki aliyekuwa naye, akamfunga, akanipa, akakataa pesa.

«Bon,» akasema. «Mumoja ameonekana.»

Kisha akageuza uso upande wa maji.

Kwa hiyo ukishuka kwenye lori, usikimbilie mtumbwi. Nenda kwanza alipo, simama mbele yake, umwambie wewe ndiye Boyoma. Mwache akuangalie anavyotaka, hata akikukalisha mpaka jioni. Akikupa chakula, kula mbele yake. Mimi nitasubiri ng'ambo.

Mama yako,
Aziza